Birika Lilipita Chini ya Gari

Kwa aliyeanza kunisoma leo: jina langu ni Lukumani, mtu wa Kikula hapa Likasi, dereva asiye na kazi na mume asiye na mke. Nina Altezza nyeupe. Nilikata ressort zake, zile springi zinazolibeba, kwa meule ya kukatia chuma ili likae chini, kwa sababu vijana wa Likasi wanaooa hawataki kubebwa na gari lililosimama kama trekta. Lilikaa chini vizuri sana, na kila Jumamosi lilikuwa na bibi harusi.

Kisha Khadija, mke wangu, akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Gari likakwama tumbo kwenye reli za Shituru tukikimbilia hospitali, yeye akiwa kiti cha nyuma akiniita kwa jina. Watu walipotubeba na kutuvusha, mtoto wetu alikuwa amekwisha kwenda.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita. Wengine mlinitukana, na mmoja alinisimamisha sokoni akanitukana mbele ya mafungu ya nyanya. Sawa. Leo ninawapa sababu nyingine.

Khadija alitoka hospitali akaenda moja kwa moja kwa baba yake, Mzee Mahamudu, muuza mchele na mawese wa Shituru. Hakunitukana. Hakunipigia simu. Alituma neno kwa Shangazi Feza, dada ya marehemu baba yangu, naye akaniletea nikiwa nimekaa uani natazama gari.

"Anasema atarudia," Shangazi akaniambia. "Lakini ile gari irudie kwanza urefu yake ya zamani. Ikirudia, twende tumuchukue. Isiporudia, usikanyage kule."

"Nitaipandisha, Shangazi."

"Unanidanganya?"

"Hapana, Shangazi."

"Sababu minye njo nitakaa ku mukeka mbele ya ile bantu. Si weye. Ni kinywa yangu njo watasikia."

Na ni kweli. Kwetu sisi tuliotoka Maniema, mwanaume hamfuati mke wake kwa kinywa chake mwenyewe. Anakwenda na mkubwa wa upande wake, naye anakaa kimya kama mtoto wakati mkubwa anamsemea. Upande wangu hapa Likasi amebaki Shangazi Feza peke yake. Wengine wako Kasongo, na wengine wako ardhini.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipoota pembe. Ressort iliyokatwa haiungwi. Nilizunguka kila garage. Fundi mmoja alinicheka mpaka akaweka chini sahani yake ya bukari, ugali wetu. Wa pili aliniletea ressort za gari lingine kabisa, akaapa zitaingia, hazikuingia. Wa tatu akaniambia ningoje, atauliza Lubumbashi, na kungoja ndiko nisikokuweza tangu nizaliwe.

Mtaniuliza: kwa nini hukwenda kumwambia ukweli, kwamba ressort hazijapatikana, akuvumilie? Hata mimi nimejiuliza hivyo mara nyingi. Jibu ni kwamba nilimtaka mke wangu wiki ile. Nyumba ilikuwa inanuka vumbi na nilikuwa nazungumza na sufuria.

Nikaenda kwa Jimmy.

Jimmy ni kwado, anaziba na kubadilisha pneu, tairi za magari, karibu na soko, na anapenda magari yaliyokaa chini kuliko mimi. Ndiye aliyenishikia gari siku ile nilipolikata. Alilizunguka kimya, akapiga pneu teke, akacheka.

"Mon vieux, urefu ya gari haitoke ku ressort tu. Inatoka pia ku pneu. Tutatia jante ya upana na pneu ya mwili mukubwa. Gari itapanda yenyewe."

"Mkwe wangu hataona?"

"Beau-père yako anauzaka muchele. Ataona nini?"

Jante, zile rimu za chuma, zilitoka kwenye jeep fulani iliyopinduka. Zilikuwa pana kupita kiasi. Tulipozifunga mara ya kwanza, gurudumu liligusa chuma cha ndani na halikuzunguka hata kidogo. Jimmy akaweka vipande vya chuma nyuma ya kila jante kulisukuma gurudumu nje. Likasukumika nje, likaanza kugusa ukingo wa bodi. Kila tulichoondoa hapa kilitokea pale.

"Tunakunja aile kwa ndani," Jimmy akasema.

Ili kukunja ukingo huo unahitaji kitu kigumu cha mviringo, unakibana kati ya pneu na bodi, halafu unasukuma gari mbele na nyuma taratibu mpaka chuma kilale. Jimmy akaingia jikoni kwake akatoka na mchi wa kutwangia majani ya muhogo. Mke wake Jenny akatoka nyuma yake mbio.

"Jimmy! Ile muchi ni ya sombe yangu!"

"Nitaiosha."

"Utaiosha na nini? Leo utakula sombe ya mafuta ya gari, na utasema asante!"

Nilicheka siku ile. Nakumbuka, kwa sababu sijacheka tena kwa moyo tangu hapo. Tulisukuma gari, mchi ukalia, rangi ikapasuka kidogo, na ukingo ukalala ndani. Tulipolishusha gari kutoka kwenye cric, ile jeki ya Jimmy, Wallah, lilikuwa juu. Ukipiga magoti ulikuwa unaona mwanga upande wa pili.

Lilikuwa pia zuri. Nisiwafiche, nilisahau mke kwa muda nikalizunguka mara kadhaa, zile pneu nene zimejaa chini ya bodi, na nikawaza Jumamosi na mabibi harusi. Mimi ndivyo nilivyo, na sijui ni nani wa kumlalamikia.

Jimmy akanishika bega.

"Lukumani, sikia muzuri. Weye peke yako ndani, iko bien. Weye na muntu moya mbele, iko bien. Nyuma usitie muntu. Mu coffre ya mizigo usitie kintu. Ikishuka kiloko tu, aile itakula pneu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia kweli. Nikajiambia kwamba Khadija si mzito, tena baada ya yale aliyoyapata amekonda zaidi. Shangazi nitamrudisha kwa pikipiki. Nitakwenda polepole, tutafika, na ressort zikipatikana nitazifunga bila mtu kujua. Hayo niliyaona mazuri kabisa kichwani.

Jumapili nikamchukua Shangazi Feza. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sherehe, na alipopanda mbele alitazama barabara kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Leo nakaa juu sawa bibi ya directeur," akasema.

Tulipofika kwenye reli, nilishika usukani kwa mikono miwili. Tukavuka bila kukwaruza. Shangazi akasema alhamdulillahi, nami nikasema alhamdulillahi, na wakati ule niliamini kwamba Mungu na Jimmy wako upande wangu.

Mzee Mahamudu alikuwa amesimama mlangoni na kanzu nyeupe. Alimsalimia Shangazi, akauliza habari za nyumba, za mifupa yake, za watu wa Kasongo. Mimi alinipa vidole vya mkono tu. Tukaketi kwenye mkeka. Mama mdogo wa Khadija, mwanamke wa mwili na wa sauti, alituletea chai ya tangawizi. Khadija mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na nilikuwa naona miguu yake.

Shangazi akaanza. Hakuna mtu anayejua kusema kama yeye. Alimkumbuka baba yangu, akamkumbuka mtoto aliyekwenda, akalia kidogo mahali pa kulia, akanigeukia akaniita mpumbavu mbele ya watu, kisha akasema mpumbavu huyo amekubali kosa na amelitengeneza.

"Gari ilipandishwa, mukwe wetu. Nimepanda ndani yake. Nimekuja nayo."

Mzee Mahamudu akajikuna ndevu.

"Feza, minye mambo ya gari siyajue. Najua birika yangu tu."

Akasimama, akachukua birika lake la kutawadhia, la plastiki lenye shingo ndefu, akatoka nje. Sote tukamfuata. Akapiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, kando ya mlango wa nyuma, mahali pale ambapo binti yake alikuwa ameketi siku ile. Akalisukuma birika chini ya gari.

Likapita lote, pamoja na kifuniko.

Akalivuta, akalisukuma tena karibu na gurudumu la mbele. Likapita. Alipoinuka nilitaka kumpa mkono, akaukataa, akajifuta magoti.

"Feza, unasema kwa kinywa yako kama ile mambo ya kukata imeisha?"

"Imeisha. Nasema kwa kinywa yangu, na kwa jina ya kaka yangu mwenye alikufa."

Niliweza kusema kitu pale. Kinywa kilikuwa changu na ulimi haukuwa umefungwa. Nilitazama birika.

Mzee akainua mikono, tukasoma Fatiha. Pazia likafunguka, Khadija akatoka.

Mke wangu amekonda, jamani. Alikuwa amejifunga kitambaa cha bluu kichwani, na macho yake yalikuwa makubwa kuliko nilivyoyaacha. Alikwenda kwanza kwenye gari. Alilizunguka polepole.

"Ni pneu ya mupya?" akaniuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu hospitali.

"Ni ya mupya."

"Sawa."

Kisha akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo, na mimi nilitaka kupiga kelele kwa furaha kama mtoto. Ningebeba mkoba wake, ningembeba yeye, ningelibeba gari lenyewe mpaka Kikula. Laiti ningelibeba.

Kwa sababu hapo Mzee Mahamudu akapiga makofi, na mambo yakaanza kuharibika kwa heri.

"Kwetu binti harudie kwa bwana mikono mitupu," akasema. "Fungua coffre."

Ukatoka mfuko wa mchele. Si mfuko mdogo wa dukani, ni gunia. Vijana wawili wa duka walilibeba wakihema, wakalitupa ndani, na nikaona matako ya gari yanashuka.

"Baba, muchele nitarudia kesho kuuchukua," nikasema.

"Unakataa muchele yangu?"

"Hapana, Baba."

Shangazi alinikata jicho. Kukataa mkono wa mkwe siku ya kurudishiwa mke ni kusema mke mwenyewe humtaki. 

Likatoka bidon la mawese, dumu zima la mawese mekundu yaliyotoka Kongolo. Likaingia. Ikatoka cherehani ya chuma ya Khadija. Ikaingia. Likatoka sanduku lake, na godoro dogo likafungwa juu ya bodi kwa kamba. Kila kitu kilichoingia nilikuwa nacheka na kushukuru, na jasho linanitoka mgongoni. Nilijifanya nafunga kamba za viatu nikachungulia gurudumu la nyuma. Kati ya pneu na ule ukingo tuliokunja kwa mchi, kidole changu hakikuingia.

"Na mama mudogo atakwenda nayeye," Mzee akasema. "Atakaa nayeye wiki moya, apike, aone vile munaishi."

Mama mdogo alikuwa amekwisha kujifunga kilemba. Akaingia nyuma kwa ubavu, gari likainama upande wake, likatulia. Khadija akaingia upande wa pili.

"Shangazi," nikanong'ona, "weye ungepanda pikipiki."

"Minye? Nimekuja kumuchukua bibi ya mutoto ya kaka yangu, nirudie na pikipiki sawa mwenye kuuza mukate?" Akaketi mbele, akafunga mlango kwa nguvu.

Nikawasha gari. Mzee Mahamudu alisimama mlangoni, birika mkononi, akatupungia. Sikulitazama birika lile. Lingesukumwa tena chini ya gari wakati huo, lisingepita hata shingo.

Kona ya kwanza, likalia. Krrrr.

"Ni nini?" Khadija akauliza.

"Bavette. Ile plastiki ya nyuma. Nitaikata nikifika."

Kona ya pili, krrrr, refu zaidi. Mama mdogo akasema labda ni jiwe. Nikasema labda ni jiwe. Nilikuwa naendesha polepole mpaka baiskeli zilizobeba makaa zilitupita, na nyuma yangu lori la mgodi lilikuwa linapiga honi ya hasira.

"Unaendesha muzuri leo," Shangazi akasema.

Tukafika kwenye reli.

Nilimwona Khadija kwenye kioo, amefumba macho, mkono mmoja ameshika kiti changu na mwingine ameuweka tumboni ambako hakuna kitu. Nikaingia kwa ubavu, gurudumu moja baada ya lingine. Pneu za nyuma ziliguna, chuma kikanyonya mpira, nikasikia mpaka kwenye meno. Lakini tumbo la gari halikugusa. Tukavuka.

Mama mdogo akapiga kigelegele. Khadija akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetua mzigo, akanyoosha mkono akauweka begani kwangu.

"Lukumani. Asante," akasema. "Nilikuwa najisemea kama utanidanganya."

Nilitaka kusimamisha gari na kumwambia kila kitu, mkono wake ukiwa bado pale begani. Nilikuwa na nafasi, barabara ilikuwa tambarare, lori lilikuwa limetupita. Nikasema, "Usilie tena."

Akaanza kuzungumza. Baada ya kimya chote kile, mke wangu alizungumza kama maji ya bomba. Tukifika atafagia, atafua mapazia, atapika wali na sombe. Ile cherehani ataiweka dirishani, atashona nguo za shule. Na Mungu akijalia, akasema kwa sauti ya chini, hata mambo mengine yatarudi.

"Kuna kintu inaungua," mama mdogo akasema.

Nilikuwa nimeisikia harufu ile tangu kwenye reli. Mpira unaoungua haufichiki. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka nyuma upande wa mama mdogo. Nikasema ni mashimo ya barabara yamechosha breki. Sikumaliza kusema.

Pneu ilipasuka kwa kishindo. Gari likaangukia upande, likaburuta chuma kwenye lami, mama mdogo akamlalia Khadija, bidon la mawese likapiga sanduku. Nililishika usukani, tukasimama kando ya barabara karibu na ukuta wa mtu. Hakuna aliyeumia. Naandika hilo kwa sababu najua mtaniuliza.

"Shukeni, mukae kule ku kivuli," nikasema haraka. "Ni pneu tu. Pneu ni kintu ya kawaida. Nabadilisha mara moya."

Nikachukua cric. Haikuingia chini ya gari. Kwa pneu iliyokufa na mzigo ule, bodi ilikuwa imelala karibu na lami. Nikajaribu mbele, nikajaribu nyuma, nikaisukuma kwa mguu. Haikuingia.

Tukaanza kutoa zawadi. Gunia la mchele likakaa kando ya barabara, na bidon, na cherehani, na sanduku. Watu waliotoka kanisani walikuwa wanapita wakitutazama kama waliofukuzwa nyumba. Shangazi Feza akasimama mbele ya vitu vyote, kitenge chake cha sherehe kimeingia moshi, akijaribu kusimama kwa heshima.

Ndipo taxi ikasimama. Alikuwa Placide, dereva mwenzangu wa zamani, mtu mwema kabisa. Sina neno baya la kusema juu ya Placide mpaka leo.

"Lukumani! Mambo gani? Ngoja, niko na cric ya chini."

"Acha, Placide. Nitaweza."

"Utaweza na nini? Na hii mama yote iko ku njua?"

Akaleta cric yake ndogo ya lori, ile inayolala. Yeye na wapita njia wakainua bodi kidogo kwa mikono, akaichomeka, akapampu. Gari likapanda. Akafungua boulon, zile nati, huku anapiga mluzi, akalitoa gurudumu, akalilaza. Upande wa pneu ulikuwa umekatwa na ule ukingo, mviringo mzima.

Nilisogea kuziba mahali pale pasionekane. Khadija alikuwa amekwisha kuja, amesimama nyuma ya Placide.

"Ee! Lukumani," Placide akasema akichungulia ndani, akicheka kwa roho nyeupe. "Ressort ni bado ile ya kukata? Minye nilizania ulitia ingine, sababu gari naonaka iko juu. Kumbe ni pneu njo inadanganya bantu!"

Akaigonga ressort kwa ufunguo ili nione. Akageuka. Akaona nyuso zetu, akaacha kucheka, akashika ufunguo wake kwa mikono miwili.

Khadija akachuchumaa. Akanyoosha kidole mpaka kwenye ncha ya ile ressort, mahali meule ilipopita, akaigusa. Akakitazama kidole chake.

"Shangazi," akaita. "Kuya uone."

"Minye sijue kintu ya gari, mwanangu."

"Hata minye sijue. Kuya tu."

Shangazi Feza akaja, akainama kwa shida ya magoti yake, akachungulia mahali asipopajua. Kisha akaniangalia mimi.

"Lukumani. Ile neno nilisema ku mukeka, ilikuwa ya kweli ao ya bongo?"

"Shangazi, nilitaka tu arudie."

"Sikukuuliza ulitaka nini."

Nikainamisha kichwa.

"Mwenye kukutilia hii pneu, alikuambia kama itafanya hivi?"

"Aliniambia."

"Mbele tuende kule, ao kisha tulienda?"

"Mbele."

Akashika kiuno. Nilimwona akizeeka pale pale, na siandiki hivyo kwa kutafuta maneno mazuri. Akalitaja mara mbili jina la baba yangu, basi. Mama mdogo akaanza kusema turudi, turudi sasa hivi, mzee lazima ajue. Placide alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye taxi yake, hajui aondoke au abaki.

Khadija peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu. Ningemshukuru Mungu kama angenipiga.

"Ile siku ya reli, sikukukasirikia," akasema. "Bantu wote walikutukana, minye nilisema hapana, haikuwa kusudi, hakujua. Nililala ku kitanda ya hospitali nikisema hakujua. Leo ulijua. Na ulinitia nyuma, mahali pale pale pa ile siku."

"Khadija, twende nyumbani. Tukifika tutaongea."

"Nyumba gani?"

"Yetu."

Akapangusa kidole chake chenye grisi kwenye kitenge, polepole, mpaka kikawa safi.

"Nipatie talaka yangu," akasema.

Lori likapita, vumbi likatufunika sote, na nikatumaini kwamba nimesikia vibaya. Vumbi likatulia. Alikuwa bado amesimama pale pale.

"Hapa?" nikasema. "Ku barabara?"

"Hapa. Mama mudogo iko, shangazi yako iko. Ni neno moya tu, Lukumani. Sema."

"Sitaki."

"Haukunipatia hata siku moya kintu yenye niliomba. Hii moya, nipatie."

Nikamgeukia Shangazi Feza. Mtaelewa kwa nini. Huyu ndiye aliyelia kwenye mkeka asubuhi ile akimwomba mke wangu kwa jina la marehemu kaka yake. Kazi yake ilikuwa kunisemea, na hapa Likasi sina mwingine. Angesema neno moja, mwanangu ngoja, binti yangu vumilia, Khadija angemsikiliza. Hajawahi kumkatalia.

"Shangazi," nikasema. "Sema nayeye."

Shangazi akavuta kitenge chake, akaketi juu ya gunia la mchele la Mzee Mahamudu, akaniangalia usoni muda mrefu. Khadija alikuwa anangoja. Mama mdogo alikuwa anangoja.

Shangazi hakuniambia nikatae, na neno lile nikalisema.